Langu Nimeshalizika

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na kila mwaka, kidato cha tatu kikifika muhula wa pili, nilifundisha ugomvi. Si ugomvi wenyewe, misemo yake. Waingereza wana misemo mingi ya kugombana kuliko ya kupendana, au pengine hiyo ndiyo iliyopenda kutoka kwenye mitihani, nami nilikuwa mtu wa mitihani. Nilikuwa na daftari la jalada gumu. Upande wa kushoto niliandika msemo, upande wa kulia niliutia katika Kiswahili neno kwa neno, ili watoto wacheke, na wakicheka wakumbuke. Mtu akikubali kushindwa ametupa taulo. Wawili wasiosikizana wamefungana pembe. Mwenye lalamiko ana mfupa wa kuguguna na mwenzake. Anayetaka suluhu hunyoosha tawi la mzeituni, na hapo lazima mtoto mmoja aulize mzeituni ndio mti gani, mwalimu, nami nimwambie andika tu. Na waliogombana wakipatana, wamezika shoka.

Hilo la shoka walilipenda sana. Walitaka kujua mpini nao huzikwa au hutolewa kwanza.

Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililonikosanisha na ndugu yangu mara ya pili. Mara ya kwanza sikuhitaji daftari, nilitumia ulimi wangu mwenyewe.

Nakaa Likoni, katika nyumba aliyoiacha mama: vyumba vitatu, ua wa mchanga na tangi la maji. Mke tuliachana zamani kabla hatujapata mtoto. Akaolewa Mikindani, akazaa watano, Mungu amzidishie. Sisi tumelelewa kwamba mtu akiingia nyumbani hutoa salamu hata kama hamna mtu ndani, nami huitoa. Asalaam aleikum, nasema, navua viatu, halafu nasimama kidogo pale mlangoni. Siku nyingine hujijibu mwenyewe. Asubuhi hununua mahamri mawili na mbaazi. Mama anayeuza alikuwa akiniuliza, "Pekeyo tu, mwalimu?" Siku hizi haulizi, akiniona tu anafunga mawili. Afadhali alipokuwa akiuliza.

Kiingereza kina maneno mawili kwa jambo hili, moja la mtu aliye peke yake na ametulia, jingine la mtu aliye peke yake na anaumia. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi sentensi ya mfano kwa kila moja, nikifuta ubao bila kufikiri. Sasa najua mimi ni sentensi ya pili.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na ndugu yangu. Yeye amenifuata kwa miaka sita. Ni fundi seremala, ana karakana yake Kisauni ya vitanda na milango. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima kama mbao kabla ya kuyakata. Mama alipoanza kudhoofika alimchukua yeye, kwa kuwa ana mke nami sina, na mkewe alimwogesha mama na kumlisha kwa mkono wake mwaka mzima. Nilikwenda kumwona kila Jumapili. Nasema hivi ili isidhaniwe nilikuwa mtoto mbaya, ingawa kila nikilisema nasikia kama najitetea.

Mwezi aliofariki mimi nilikuwa bara, nasahihisha mitihani. Kule simu zilikusanywa mlangoni asubuhi, zikatiwa sandukuni mpaka jioni. Mama alikata roho alfajiri. Kutwa nzima mimi nilikuwa nasoma insha za watoto wa watu, ambamo majirani walipigana kama paka na mbwa, na nikitia vema pembeni pale msemo ulipokaa mahali pake. Jioni nilipopewa simu yangu niliikuta na simu ishirini na tatu ambazo sikuzipokea, zote za ndugu yangu. Ya mwisho ilipigwa kabla ya alasiri. Walikuwa wamengoja tangu asubuhi, na kwetu maiti hangojwi sana. Wakamswalia baada ya alasiri, wakamzika huko huko Kisauni.

Nilifika kesho yake asubuhi, miguu imevimba kwa basi. Sikumbeba mama, sikushuka kaburini, sikumtupia hata ile michanga mitatu ya mkono ambayo mpita njia yeyote humtupia maiti asiyemjua. Ndugu yangu alinipokea mlangoni, macho mekundu, akanishika mkono. "Twende, kaka," akasema, "nikakuonyeshe."

Nikamwambia sina haja ya kuonyeshwa kaburi la mama yangu na mtu aliyemzika kama afukiaye paka.

Nililisema juu ya mkeka wa matanga, mbele ya watu, imamu ana kikombe cha kahawa mkononi. Ndugu yangu aliuachia mkono wangu. Aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta ndara zake katikati ya ndara za watu. Hazikuonekana upesi. Sote tulimtazama akizigeuza geuza moja moja kwa mguu, mpaka akazipata, akavaa, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Nami nikakaa, nikapewa kahawa, nikanywa.

Mtu mwenye msiba ana haki ya kulia. Mimi haki hiyo niliigeuza bakora.

Watu walinijia na methali zao. Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Wagombanao ndio wapatanao. Jirani mmoja wa hapa Likoni, mzee wa mzaha, aliniambia yeye hatii neno, maana ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, na wakipatana, shika kapu ukavune. Wote walikuwa na jembe la kwenda kulima. Dini yetu haimruhusu mtu kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu. Sisi tulipita siku tatu, tukapita arubaini, tukapita mwaka, na kila nilipoiona nambari yake kwenye simu nilijiambia mdogo ndiye aanzaye.

Mwaka wa tatu nilikwenda makaburini peke yangu. Kiburi changu kilikubali kuvuka feri na kupanda gari mpaka Kisauni, lakini hakikukubali kumuuliza mtu. Imamu angenionyesha, majirani wangenionyesha, ila kumuuliza mtu baki kaburi la mama yako ni kumwambia umekuwa mtoto wa namna gani. Na makaburi mengi pale hayana majina. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Mengine yamepaliliwa, mengine yamemezwa na majani. Nilizunguka kwa jua lile mpaka kanzu ikanigandama mgongoni, nikajaribu kukisia kwa upya wa udongo, lakini miaka mitatu ni mingi kwa udongo. Mwishowe nikakaa kando ya ukuta palipokuwa na kivuli chembamba, karibu na kaburi moja lililopandwa mrehani ukastawi. Nikawaombea wote kwa jumla. Nikamwambia Mungu, wewe wamjua wangu ni yupi, mfikishie. Nilikaa kitambo, nikaona haya kukaa pale kama mtu aliyepotezwa sokoni. Kabla ya kuondoka nilipenyeza mkono kati ya miba, nikachuma kijiti cha mrehani kwa ajili ya harufu yake, nikakitia mfukoni, na nilipofika nyumbani nikakibana katikati ya kamusi.

Tangu siku hiyo sikuwa na jambo jingine moyoni. Nilitaka kujua mama yangu amelala wapi, na nilitaka anionyeshe yule aliyesema twende nikakuonyeshe.

Nilipostaafu, shule iliniaga kwa soda, keki na hotuba. Nikarudi nyumbani, nikatoa salamu, nikasimama kidogo. Halafu nikaketi na simu nimwandikie ndugu yangu.

Haikuwa kwamba sikuwa na maneno. Tulipokuwa wadogo tukipigana, mama alitushika masikio, kila mmoja lake, akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," na hatukuachiwa mpaka tuseme amina. Niliyaandika hayo, nikayafuta, kwa sababu yalikuwa ya mama na nilimsikia ndani yake. Palikuwa na neno jingine, fupi zaidi. Hilo sikuliandika hata nilifute. Ndipo nikalifungua daftari langu la misemo.

Nikaandika hivi: "Asalaam aleikum ndugu yangu. Muda umekuwa mrefu. Tuzike shoka. Mimi langu nimeshalizika hapa nyumbani, nangoja wewe tu."

Niliusoma mara mbili, nikajisifu. Ulikuwa na adabu zake. Haukusema nani alikosa, haukutaja mkeka wala paka. Ndio uzuri wa msemo wa watu wa mbali, unapatana na mtu bila kuinama. Nikautuma. Baadaye alama zake mbili zikawa za buluu, nikajua ameusoma. Jibu halikuja.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa mke wa ndugu yangu, na hakunisalimu.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyejifungia chumbani, "nakuuliza kwa hisani yako. Umelizika wapi?"

"Nimezika nini?"

"Hilo shoka."

Nikacheka. Wallahi sikumcheka yeye. Nilicheka kwa mshangao, na pengine kwa furaha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mtu wa nyumba ile kuniita shemeji. Lakini mtu akikaa sana bila watu hata kicheko chake huharibika, hutoka kikubwa na hakijui mahali pa kukoma. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akakata.

Nililokuwa silijui ni hili. Shemeji alikuwa na kidonda mguuni miezi mingi, hakifungi. Hospitali walimwambia ni sukari, akameza dawa, kidonda kikakaa pale pale. Wanawake wenzake wakampeleka kwa mganga, naye mganga akamwambia kuna chuma kimezikwa kwa ajili yake, ng'ambo ya maji, katika ardhi ya kina mumewe. Kwetu pwani jambo hilo lina jina lake. Ni fingo, dawa inayofukiwa uani au kizingitini, ama ilinde nyumba, ama imfunge mtu. Kila mtoto wa Likoni anajua fingo kabla hajajua herufi. Na mimi, mzaliwa wa Likoni, mwalimu wa lugha, nikamwandikia ndugu niliyekosana naye kwamba chuma changu nimeshakizika hapa nyumbani, nangoja yeye tu. Mkewe anaulizia kilipozikwa, nami nacheka.

Nilipogundua, kwa kuambiwa na mtu wa Kisauni, nilimwandikia ndugu yangu ujumbe mrefu. Nilimweleza asili ya ule msemo, kwamba hapo kale kulikuwa na watu huko Marekani ambao wakifanya suluhu walifukia silaha zao ardhini. Niliupanga kwa aya, kama somo. Ukabaki na alama moja, ya kijivu. Alikuwa amenifungia.

Ulipita mwaka na nusu. Zile Idi tatu nitazisimulia namna gani. Ya kwanza nilipika wali wa kikombe kimoja na kuku mzima, kisha nikampelekea jirani kuku. Ya pili sikupika. Ya tatu nilipika tena, nikatandika mkeka, nikaweka sahani mbili, halafu nikaiona ile sahani ya pili nikairudisha kabatini kabla mtu hajanikuta nayo, ingawa hapakuwa na wa kunikuta.

Ndipo Jumamosi moja, asubuhi, nikasikia hodi.

Alikuwa mlangoni, sepetu begani, jembe mkononi, amevaa nguo zake za kazi. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi ambazo sikuziona zikiingia. Alikuwa amevuka feri nzima vile vile na zana zake.

"Shikamoo," akasema. Hasira zote zile, shikamoo hakuiacha.

"Marahaba."

"Nimekuja kuchimba."

Nilimpisha. Nilikimbilia chumbani nikavuta shoka la marehemu baba chini ya kitanda, nikamtolea uani. "Shoka la nyumba hii ni hili," nikamwambia. "Halijazikwa tangu lilipofuliwa."

Akalitazama tu. "Hilo la baba. Mimi natafuta lako."

Akapima kwa macho, akaenda kando ya tangi la maji, akapiga jembe la kwanza. Nikasimama pale mikono nyuma, nikaanza kumfundisha. Nikasema ni msemo, si shoka la chuma. Nikasema hata taulo wanatupa na si taulo. Yeye akachimba. Mchanga wa juu uliondoka kwa urahisi, chini yake ukaja ule mwekundu mzito. Alipata jiwe la betri, kipande cha sahani, ndara ya mtoto. Halafu akapata kijiko cha chai, cheusi kwa kutu, akakifuta kwa kidole gumba.

"Chako?"

"Cha mama. Vilikuwa sita."

Akakitia mfukoni, akaendelea.

Jua lilipopanda nilimletea chai. Aliinywa akiwa ndani ya shimo, ameegemea ukingo, bila kunitazama.

"Jumanne wamkata mguu," akasema. "Chini ya goti."

Nilisema Mungu atamwafu.

"Mimi mambo haya siyaamini. Yeye yuwaamini. Haogopi kisu. Aogopa kulala pale akatiwa usingizi, na kitu chake bado kimezikwa huku. Nimemwahidi ntachimba." Akanirudishia kikombe. "Nami nikiahidi, nachimba."

Nilikaa ukingoni na kikombe kile. Nilimwona jinsi mabega yalivyoanza kuchoka, na ua wote ule ulikuwa bado haujaguswa. Ndipo nikapata wazo, na mpaka leo sijui lilikuwa jema au baya.

"Mpelekee hili la baba," nikamwambia. "Lipake udongo, mwambie umelitoa hapa. Moyo wake utapoa."

Akasimamisha jembe. "Nkamwambie kaka yangu ni mchawi?"

"Mwambie. Mimi nimekuruhusu."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, akimpima mkewe upande huu na mimi upande ule, na nilitaka aseme ndiyo, angalau niwe nimemfaa kwa kitu. "La," akasema. "Neno kama hilo mtu hulisema mara moja, kisha akalala nalo maisha. Wewe wajua."

Najua. Nikatazama chini.

"Sasa ule ujumbe," akasema, "ulikuwa wataka nini?"

"Nilikuwa nataka tupatane."

"Kizungu hakina nisamehe?"

"Kinalo."

"Na Kiswahili?"

Akarudi kwenye jembe. Alichimba kwa kitambo, na aliposema tena alikuwa amenipa mgongo, kama anauambia udongo.

"Siku ile nlishuka kaburini. Ilikuwa tushuke wawili, mimi na wewe, tumpokee. Nkapiga simu. Nkawaambia watu ngojeni, kaka yuwaja. Nkapiga tena. Imamu akaniambia, mwanangu, yatosha. Akashuka nami muuza mbao mmoja, mtu mwema tu, hata hamjui mama. Akakaa upande wa kichwa." Akatupa sepetu moja ya mchanga nje. "Ule ulikuwa upande wako."

Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu nilichonyimwa mimi. Haikunipitikia hata siku moja kwamba yeye alisimama mle ndani, akainua mikono kumpokea mama, akaangalia upande wa pili na kaka yake hayupo.

Nilivua viatu. Shimo lilikuwa limemfika kiunoni. Nilikaa ukingoni, nikajishusha kwa magoti yangu haya mabovu, mchanga ukaporomoka nyuma yangu.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea. Watu wawili hatukuenea sawasawa, bega langu lilikuwa juu ya bega lake. Nililisema lile neno. Nililisema kwa Kiswahili, bila msemo, na nikataja mkeka, nikataja paka, nikataja ndara alizozitafuta tukimtazama. Nililia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na mbili ndani ya shimo, na jirani yangu mwenye methali alichungulia ukutani akarudi ndani.

Ndugu yangu hakunikumbatia. Aliniacha nilie mpaka nikakoma, kisha akanipa jembe. "Kanyaga huku," akasema, "huko pana jiwe."

Tukachimba pamoja hadi adhuhuri, na hapakuwa na kitu. Akatoa simu yake akampigia mkewe, akanipa. Safari hii sikucheka. Nilimwambia, "Shemeji, sikuzika kitu. Nilikuwa namwomba mume wako msamaha, nikakosa ulimi. Na wewe nisamehe kwa kile kicheko." Nikadhani amekata tena. Halafu akauliza, "Mmechimba wote wawili?" Nikamwambia wote wawili, na bado tumo ndani. "Haya," akasema. "Kama mmo wote wawili, basi tokeni mule."

Sijui kama hilo lilimtosha. Jumanne bado haijafika ninapoandika haya.

Tulitoka, tukasimama ukingoni pande mbili. Nikadhani atashika sepetu aanze kufukia, maana yeye ndiye mtu wa kazi. Hakuanza. Aliichomeka sepetu mchangani, akaiegemea, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Anza wewe," akasema. "Kwa mkono."

Niliinama. Nikachota mchanga kwa kiganja, nikautupa ndani. Nikachota tena. Nikachota mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikawia kunitoka mkononi. Ndugu yangu alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo. Alipomaliza tukafukia shimo lile tupu.

Alinawa kwenye bomba la tangi, mikono, uso, miguu. "Ijumaa njoo Kisauni," akasema. "Baada ya swala. Kama sitakuwa msikitini ntakuwa hospitali, basi wende pekeyo."

Niliona haya, lakini nikamwambia. "Nilikwenda. Sikulijua lipi."

"Hukulijua?" Alishangaa kweli kweli. "Si lile la kando ya ukuta? Nimelipandia mrehani tangu arubaini yake. Pale hapana jingine lenye mrehani, mbuzi huila. Hili nimelizungushia miba."

Akaweka sepetu begani, akashika jembe, akaniambia kwaheri, akaenda zake. Shoka la baba alilisahau uani.

Niliingia ndani. Nilitoa salamu, nikavua viatu, nikaenda moja kwa moja kwenye kamusi. Kijiti kilikuwa pale pale nilipokibana, kimekauka, majani yamekuwa unga kwenye mfereji wa kurasa, na harufu ilikuwamo bado. Siku ile nilikuwa nimekaa naye saa nzima, ubavu kwa ubavu, nikimwambia Mungu simwoni.